Moto wa kuota, moto wa kununua: maneno ya moto na makaa yalikotoka

Motokaa haina moto wala kaa. Neno lilikuja na magari ya Waingereza, wenyewe wakiita mota-kaa, na sikio la Mswahili likalipokea kama mgeni aliyefanana sura na ndugu wawili wa nyumbani. Ukitaka kumweleza mtoto kwamba gari liliitwa hivyo kwa kuwa injini inachoma kitu kama makaa, maelezo yako yatapendeza sana, ila yatakuwa uongo. Ndiyo shida ya asili za maneno: hadithi ya kubuni mara nyingi huwa tamu kuliko historia yenyewe.

Nimeanza na motokaa kwa makusudi, maana maneno ya moto na makaa katika Kiswahili yamejaa mitego ya namna hiyo. Kuna kaa na kaa na kaa. Kuna kuota na kuota. Kuna zima ya moto na mzima wa afya. Kuyatenganisha kunahitaji vipimo viwili tu: jinsi neno linavyobadilika ndani ya Kiswahili chenyewe (wingi wake, kauli zake), na jinsi jirani anavyolitamka. Kwa kipimo hicho cha pili, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumekaa pazuri. Ukiwa Kyela uko hatua chache kutoka Kasumulu na Chichewa cha Malawi. Ukiwa Tunduma, Kibemba kinakujia kutoka Zambia. Na katikati kuna Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena, Kikinga na vingine. Nyingi kati ya lugha hizi zimehifadhi sauti ambazo Kiswahili cha Pwani kilizidondosha zamani. Halafu kuna baridi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kule Kitulo umande wa Juni na Julai huamka umeganda. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini moto ulipewa jina kwa ajili ya joto lake.

Na kweli ndivyo ulivyopewa. Wingi wa moto ni mioto. Ondoa mi- ya wingi, inabaki -oto. Maana yake umoja ulikuwa mu-oto, kisha irabu zikabanana. Shina hilo ni la kitenzi -ota, kile cha kuota moto. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu wanakirudisha kitenzi hicho kwenye umbo la kale linalokaribia -yot-, kujipasha joto. Kwa hiyo waliounda neno hili hawakuuita moto kwa kazi yake ya kuunguza wala ya kupika. Waliuita kile kinachootwa. Na joto limetoka tumbo hilohilo: ni -oto ile ile iliyovikwa kiambishi cha ji-.

Mmalawi husema kuotha moto, akimaanisha kile unachokifanya wewe. Mzulu, mbali kabisa kusini, husema ukotha kwa tendo hilohilo, ingawa moto wenyewe anauita umlilo. Hapo kuna jambo la kuangalia: Kibantu kilikuwa na zaidi ya neno moja la moto, na kila lugha ilichagua lake. Wabemba wamechukua umulilo kama Wazulu, Waganda omuliro, Wakikuyu mwaki. Kiswahili, Chichewa, Kishona na Kisukuma wakabaki na moto. Hata mwaki wa Wakikuyu si mgeni kwetu, maana umetokana na kitenzi ambacho sisi tunakitamka waka. Wao waliuita moto kinachowaka, sisi tukauita kinachootwa.

Sasa kuota ndoto je? Hapa ndipo jirani anapofaa. Mmalawi akiota ndoto husema kulota. Akiota moto, kuotha. Kwake ni vitenzi viwili visivyochanganyika hata kidogo. Kiswahili kiliidondosha l ya kulota, na matokeo yake vitenzi viwili vikagongana. Lakini sauti iliyokufa iliacha alama: katika ndoto, d imebaki kwa sababu n iliyo mbele yake iliikinga. Kama kuota usingizini kungekuwa ndugu wa kuota moto, tungesema nyoto au kitu kama hicho. Kwa hiyo yule anayesema ndoto ni joto la akili likiwaka usiku ametunga shairi zuri, basi.

Kabla hatujaacha moto, kuna kitu ambacho kila mtu anakisema na wachache wanakiona. Kiswahili hakina kivumishi cha pekee kwa kitu chenye joto kali. Tuna baridi, tuna vuguvugu, lakini chai iliyotoka jikoni sasa hivi ni chai ya moto, yaani chai ya huo huo moto, nomino na kihusishi chake. Ndiyo maana chemchemi za Songwe, ambako maji yanatoka ardhini yakifuka, tunaziita za majimoto na hakuna anayetarajia kuona miali. Ardhi ya huku ina sababu zake: Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano, na Kyejo ilimwaga zaha mara ya mwisho mnamo mwaka 1800 hivi. Milima ina majina ya wenyeji. Neno volkano ndilo lililotoka mbali, kwenye kisiwa cha Vulcano huko Italia, ambacho Warumi walikiona kuwa karakana ya mungu wao wa moto na uhunzi.

Herufi iliyoanguka motoni

Njoo kwenye makaa. Mmalawi anasema makala. Mkikuyu anasema makara, Mnyarwanda amakara, na Kinshasa wanaozungumza Lingala wanasema makala, kiasi kwamba gereza kuu la jiji hilo, lililoko katika kata yenye jina hilo, linajulikana hivyo dunia nzima. Sisi tunatamka makaa, na irabu mbili zinazofuatana ndizo kovu la herufi iliyoondoka katikati. Umbo la kale ni -kala.

Hili si jambo la neno moja. Njaa yetu kwa Mnyakyusa ni injala, mvua yetu ni ifula, na Mmalawi naye ana njala na mvula. Palipo na l kwao, kwetu pana pengo. Na wala huhitaji kuvuka mpaka kulithibitisha, kwa sababu l hiyo hujitokeza tena ndani ya Kiswahili chenyewe mara tu unapotumia kauli ya kutendea. Kuvaa, kuvalia. Kuzaa, kuzalia. Kutwaa, kutwalia. Kukaa, kukalia. Hatukuiingiza l ili tupate urahisi wa kutamka; ilikuwepo tangu mwanzo, ikadondoka pale ilipokuwa karibu na mwisho, ikabaki pale ilipopata irabu ya kuiegemea.

Kaa la moto, basi, halihusiani na kukaa kitako. Kinyarwanda kinawatenganisha bila kelele: makaa ni amakara, kukaa ni kwicara. Kaa wa baharini naye ni wa tatu, na ngeli ndiyo inayomtenga: yeye ni kaa wa, makaa ni kaa la. Huku kwetu mbali na bahari mkanganyiko huo haumsumbui mtu.

Kutoka kaa tukapata mkaa, na Kiswahili kimefanya mgawanyo wa maana ambao si lugha zote zinao. Kaa ni kipande kilichoshika moto, au kilichowahi kushika. Mkaa ni bidhaa. Unanunua mkaa, unapikia mkaa, lakini unapalia makaa, unakanyaga kaa. Kwenye soko la Mwanjelwa mkaa unapimwa kwa kopo, kwa sado na kwa gunia. Hiyo sado yenyewe ni jina la biashara la rangi lililobaki kwenye kopo lake la lita 4 muda mrefu baada ya rangi kupakwa ukutani. Na ukienda Njombe utaambiwa kuna mkaa wa miwati. Mti huo ulipandwa huko kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya maganda yake ya kutengenezea ngozi, na jina lake ni la Kiingereza lililovishwa m- na mi- ya miti yetu.

Tazama jiko la mkaa wakati mkaa mpya unaanza kushika, jioni, kabla taa hazijawashwa. Juu ya vipande vyekundu utaona vindimi vya bluu, vyembamba, vinavyocheza bila moshi. Kuni huwaka kwa miali ya njano kwa sababu zinapopata joto hutoa gesi na lami nyingi, na zile ndizo zinazowaka hewani. Mkaa ulishaachana na hizo kwenye tanuri, siku zile ulipofukiwa udongo ukachomwa bila hewa ya kutosha. Kilichobaki ni kama kaboni tupu, na ndiyo maana kilo 10 za kuni mara nyingi hazitoi hata kilo 2 za mkaa. Kaboni haina cha kutoa hewani, kwa hiyo inaungua palepale juu ya ngozi yake, ikiwa nyekundu. Vile vindimi vya bluu ni monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka ndani ya rundo ikiwa imeungua nusu, na inamalizia kuungua ikikutana na hewa juu. Ikishindwa kuwaka inabaki chumbani. Haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo inayoua watu wa Makete na Njombe wanaolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi. Mkaa ukiacha kutoa moshi haimaanishi umeacha kutoa sumu. Hilo liwekwe wazi hata katika makala ya maneno.

Kujipalia

Zamani, kabla ya kibiriti kuwa kitu cha kila nyumba, moto ulitunzwa chini ya majivu usiku na asubuhi ukafukuliwa. Aliyeamka akakuta wake umezimika alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu kilichovunjika, akapewa makaa mawili matatu, akarudi nayo akiyapuliza njiani. Tendo hilo la kukwangua makaa na kuyachukua lina kitenzi chake: kupaa moto. Katika Chichewa kupala ni kukwangua, na wewe mwenyewe unakwangua magamba ukisema unapaa samaki. Fanya kauli ya kutendea, l inarudi kama ilivyo ada, unapata kupalia. Kupalilia mahindi, kule kukwangua ardhi kwa jembe kuondoa magugu, kunatoka kwenye mkono huohuo.

Jikoni, kupalia ni kuweka makaa juu ya mfuniko wa sufuria ili wali ukauke kwa moto wa juu na wa chini. Mama anayepika ubwabwa wa Kyela anajua ni lini ayapalie na ni lini ayaondoe, na akichelewa, ukoko utamwambia. Kutoka hapo msemo ukazaliwa: kujipalia makaa, kujitafutia matatizo kwa mkono wako. Watu wengi wanautumia msemo huu wakidhani ni picha ya mtu anayekanyaga moto. Siyo. Ni picha ya mtu anayechota makaa kwenye jiko na kuyaweka kwenye paja lake mwenyewe, kwa kijiko chake, taratibu. Waliotafsiri Biblia walilitumia hilohilo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 12, pale anayemlisha adui yake anaambiwa kwamba atampalia makaa ya moto kichwani. Kitenzi cha mpishi kinaonekana kweupe katika Maandiko.

Kuchochea kulipita njia hiyohiyo. Kuni zikiungua ncha, unazisukuma ndani kati ya mafiga. Huko ndiko kuchochea. Leo wanasheria wanazungumzia kosa la uchochezi bila kukumbuka kuni. Mafiga yenyewe yaliingia kwenye siasa: kwenye kampeni za CCM, mafiga matatu yalikuwa rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, kwa hoja kwamba chungu hakikai juu ya figa moja. Jiko, kwa upande wake, kwa asili ni mahali pale penye mafiga, na wingi wake wa kale ni meko, yaani ma-iko, kwa kanuni ileile inayotupa meno kutoka ma-ino. Mkikuyu bado anaita mahali hapo riiko. Majiko ni wingi mpya, wa vifaa vya kununua, na ukisikia kijana anasema amevuta jiko usimuulize la mkaa au la gesi: ameoa.

Zimamoto nayo imepata maisha ya pili. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ndilo unalopigia 114, lakini kusoma kwa zimamoto, mipango ya zimamoto, hizo ni lawama. Hapa panafaa kuondoa mkanganyiko mwingine. Kuzima moto na kuwa mzima wa afya ni maneno yanayofanana hadi herufi ya mwisho huku maana zikipingana. Mkikuyu ana mũgima kwa mtu mzima, kwa hiyo z ya uzima ilikuwa g. Ya kuzima moto ilikuwa d, na Kishona hadi leo kina kudzima. Kiswahili kiliziyeyusha zote mbili zikawa z. Kishona kina pia mudzimu, roho ya aliyetangulia, na sisi tuna mzimu. Wapo wanaisimu wanaoliunganisha neno hilo na huku kuzimika, ingawa mimi naona ushahidi wa sauti una nguvu kuliko ushahidi wa maana.

Kuna methali inayosema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapa ni kijinga, kipande cha kuni kilichoungua nusu, na methali inamaanisha kwamba kimoja peke yake huzimika. Haihusu chanjo, na Wakinga wa Makete hawamo.

Halafu ipo moto wa kumvi, na kwa huu lazima nisimame kidogo, kwa sababu watu wa Mbarali na Kyela wanaujua kwa macho. Kumvi ni maganda ya mpunga, yale ambayo mashineni wengi huyaita pumba. Wachoma tofali hujaza pumba ndani na kandokando ya tanuri la matofali, wakatia moto kutoka upande mmoja. Usitarajie miali. Ukipita mchana unaona lundo jeusi kama limekufa, na mtoto anaweza kulisogelea. Ingiza kijiti, kitatoka na ncha nyekundu. Maganda ya mpunga yana silika nyingi. Yanapoungua silika hiyo inabaki kama kiunzi cha jivu, hewa inapenya kidogo kidogo, na moto unatembea ndani siku kadhaa ukila polepole. Washairi walioita chuki ya kimyakimya moto wa kumvi waliona lundo kama hilo. Ukilinganisha na moto kichaa, jina ambalo watu wa misitu hutumia kwa moto unaotoroka na kuteketeza mashamba ya miti kama yale ya Sao Hill kule Mufindi, unaona jinsi Kiswahili kinavyoutaja moto kwa tabia yake, kama mtu.

Vilivyopanda kutoka Pwani

Hadi hapa karibu kila neno limekuwa la Kibantu, na hasa vitenzi. Waka na washa, zima, ota, koka, choma, ungua, pepea, puliza, chochea, pekecha, paa na palia, bandika na epua. Karibu vyote ni vya nyumbani. Nimejaribu kutafuta kitenzi cha moto kinachotumika kila siku ambacho kilikopwa, sikukipata cha maana. Nomino ndizo zilizokopwa, na kila iliyokopwa ilikuja na kitu cha kushika mkononi.

Kibiriti ndicho mfano mkubwa. Katika Kiarabu kibrit ni salfa, yale mawe ya njano yenye harufu kali, na Waarabu walilipata kutoka lugha za kale za Mashariki ya Kati. Katika Kiakadi cha Mesopotamia lilikuwa kibritu. Njiti za kuwasha kwa kukwaruza zilianza kuuzwa mwaka 1827 huko Stockton, Uingereza, na mfamasia John Walker. Zilipofika kwetu zilichukua jina la kile kitu kinachonuka unapowasha. Tafsiri ya kale ya Biblia inasema Sodoma na Gomora zilinyeshewa kiberiti na moto, na mtoto wa Sunday school huwaza maboksi ya njiti yakidondoka kutoka mbinguni. Ni salfa. Kisha Kiswahili kikafanya kitu cha kuchekesha: ki- ya kibrit ni sehemu ya mzizi, haina uhusiano na ngeli yetu, lakini tuliiona kama ki- ya kiti na kisu, tukasema vibiriti. Ndivyo tulivyofanya kwa kitabu pia.

Kabla ya hapo moto ulipekechwa. Kijiti kigumu, ulindi, kilisimamishwa juu ya kipande cha mti laini, wimbombo, kikazungushwa kati ya viganja hadi unga wa mti ukaanza kufuka. Ulindi na wimbombo zimebaki kwenye kamusi. Kupekecha kumehamia jikoni, kwa maharage, na mitaani, kwa wanaowapekecha wenzao wagombane.

Tanuri ni safari ndefu zaidi. Kiarabu ni tannur, limo kwenye Qur'ani katika kisa cha Nuhu, na nyuma yake kuna Kiakadi tinuru. Upande wa mashariki neno hilo lilifika India, ambako mikate na nyama za tanuri zinajulikana kwa jina hilohilo. Kwetu likapanda na Kiswahili hadi bara. Lakini bara ilikuwa na matanuri yake tayari. Wafipa, upande wa Rukwa, walijenga matanuri ya kuyeyushia chuma yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na waliyaita malungu. Jina hilo halikuingia Kiswahili, kwa sababu Kiswahili hakikukulia Ufipa. Hili linanipa shida kidogo na kanuni yangu kwamba kilichokopwa ni kile ambacho hakikuwepo: mara nyingine kitu kilikuwepo, ila mwenye lugha hakukiona.

Mengine tuyapitie haraka. Sigiri, jiko la mkaa la watu wa Pwani na Kenya, ni la Kihindi. Fataki zimetoka India pia, kabla hazijawa jina la wazee wanaowarubuni wanafunzi katika matangazo ya redio miaka ya mwishoni mwa 2000. Baruti ni Kiarabu, na Waturuki wanalo. Homa ni Kiarabu, kutoka mzizi wa joto. Na lililo zuri kuliko yote lipo juu ya Loleza, mlima unaoiangalia Mbeya: mnara. Kiarabu manara ni mahali pa nuru, mnara wa kuwashia taa au moto wa kuongozea watu, na mzizi wake ndio uliotoa nuru na nari, neno la moto ambalo washairi wetu bado wanalitumia. Mnara wa simu hauwaki kitu ila taa nyekundu ya tahadhari usiku. Neno lilikuwa sahihi bila kukusudia.

Kaa limerudi kwa jina la kitaalamu

Sasa fika Mbeya ya leo, kwenye vikao vya mazingira. Utasikia hewa ukaa na biashara ya kaboni katika sentensi moja, kana kwamba ni vitu viwili. Ukaa ni neno jipya kutoka kaa, lililotengenezwa kwa kiambishi u- cha mambo yasiyoshikika. Kaboni ni la Wafaransa waliopanga upya majina ya kemia mwaka 1787, nao walilichukua kwenye Kilatini carbo, maana yake makaa. Kwa hiyo ni kaa lile lile, moja limepitia Paris na jingine limebaki jikoni. Ningependa ukaa ushinde, lakini naona wanafunzi wa kidato cha tatu wanaandika carbon kwa Kiingereza na mtihani unadai carbon.

Makaa ya mawe ni hadithi nyingine. Tunayo mengi kusini: Kiwira, Mchuchuma huko Ludewa, Ngaka huko Mbinga. Wajerumani walisema Steinkohle, Waarabu husema fahm hajari, na vyote viwili vinaunganisha jiwe na kaa kama tunavyofanya. Siku hizi makaa hayo hupondwa na kufinyangwa vipande vya kupikia vinavyouzwa kama mkaa mbadala, na hapo lugha imefanya mzunguko wa ajabu: makaa ya ardhini, ambayo hayakuwahi kupita kwenye tanuri la mtu, sasa ni mkaa kwa sababu yanawekwa kwenye jiko la mkaa.

Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Mwezi Mei mwaka huohuo ulizinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nishati ni la Kiarabu, kutoka neno la uchangamfu na bidii, na hadi juzijuzi lilikuwa la wizara na la wahandisi. Sasa mama ntilie wa Soweto, Mbeya, analitamka bila kusita.

Lakini sikiliza anavyoliendesha hilo jiko jipya. Mtungi, ambao ulikuwa wa udongo na wa maji, sasa ni wa chuma na wa gesi. Jiko ni jiko. Anawasha, anabandika, anapunguza moto, anaepua, anazima. Kinachopotea ni vile vitendo ambavyo gesi haivihitaji: hakuna wa kukoka, wa kupuliza, wa kupalia wali, na binti yake wa darasa la sita hajawahi kuchochea kuni. Neno analijua vizuri, lakini. Jana alimwambia mdogo wake aache kuchochea ugomvi.